Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kemo, yaani dawa za kuua kansa: dawa hizi zinaumiza wapi mwilini?

Mie si dokta, nianze na hilo ili tusilaumiane. Bi mkubwa wangu, yaani mama yangu, alipigwa kemo nane za kansa ya titi, nne za ile dawa nyekundu na nne za dawa nyengine, na mie ndo nilokuwa nabeba mkoba, faili na chupa ya maji kutoka Pemba mpaka Unguja, boti kwenda boti kurudi. Tangu hapo kila mwenye mgonjwa wa kansa mtaani kwetu ananipigia simu, na maswali ni yale yale, basi nimeamua kuyaandika yote hapa na majibu yake kama nilivyoelezwa na madokta na nilivyosoma mwenyewe. Mgonjwa wako ana dokta wake, mambo ya dozi muulize yeye.

Kwani dawa ya kutibu inakuwaje inaumiza moyo na figo?

Kwa sababu asili yake ni sumu, na hapa situmii lugha ya mafumbo. Tangu vita vya kwanza vya dunia madokta waliona watu walioingiliwa na gesi ya masitadi chembe nyeupe za damu zinawashuka vibaya. Mwezi wa Disemba 1943 meli ya Marekani iliyobeba gesi hiyo ilipigwa bomu bandarini Bari, Italia, na waliokufa wakachunguzwa, yakaonekana yale yale. Hata kabla ya Bari kuna madokta walishajiuliza, kama inaua chembe za damu zinazozaliana haraka, si itaua na kansa ya damu? Ndo dawa za mwanzo zikatoka huko.

Kemo nyingi zinapiga seli zinazogawika haraka. Kansa inagawika haraka, lakini na uboho unaotengeneza damu nao vile vile, na ngozi laini ya mdomo na utumbo, na mizizi ya nywele. Hizo zote zinaumia halafu zinaota tena. Moyo, figo, sikio na mishipa ya fahamu ni habari nyengine, zile seli zake hazizaliani hivyo, zinaumia kwa sababu dawa fulani ina tabia yake na kiungo fulani. Kwa hiyo mtu akinambia "mgonjwa wangu yuko kwenye kemo" swali langu la kwanza huwa moja tu: dawa gani? Usitoke spitali bila ya kuandikiwa jina la dawa kwenye daftari lako, si "ile nyekundu" wala "ile ya masaa matatu", jina.

Mgonjwa kapata homa siku ya kumi baada ya dripu. Nimpe panadoli, au nikampime malaria?

Hili ndo swali linalonikosesha usingizi. Sikiliza vizuri. Baada ya dripu chembe nyeupe zinashuka, na kwa dawa nyingi zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Wakati huo mwili hauna askari. Bakteria wa kawaida, hata wale waliomo tumboni mwake mwenyewe siku zote, wanaweza kuingia kwenye damu wakamuua mtu kwa siku moja au mbili. Na kwa kuwa askari hawapo hutaona usaha wala uvimbe, dalili huwa ni homa tu peke yake.

Sasa sisi huku homa yoyote ni "malaria hiyo" na mtu anakwenda duka la dawa. Kwa mgonjwa wa kemo, joto likifika 38 ni kwenda spitali, saa ile ile, iwe saa nane usiku, na ukifika mlangoni usikae foleni ukanyamaza, sema kwa sauti: "Huyu yuko kwenye kemo, ana homa, siku ya kumi." Anatakiwa apimwe damu na apate antibayotiki ya mshipa haraka, madokta wenyewe wanalenga ndani ya saa moja. Malaria wapime pia, hakuna ubaya, lakini wasimcheleweshee dawa kwa kusubiri majibu ya malaria. Na panadoli kabla ya kupima joto ni kosa, inaificha homa ukadhani kapoa. Nunua kipimajoto, kile cha kwapani kinatosha. Bei yake haifiki nauli ya boti.

Halafu jamani suala la kukagua mgonjwa. Najua mila yetu, mtu akilazwa tu au akirudi nyumbani chumba kinajaa, kila mmoja na kikapu chake, na mtoto ana mafua mgongoni. Siku hizo mbaya waombeni watu radhi. Sie tuliweka kiti barazani, mgeni anasalimia kutoka dirishani. Walonuna walinuna. Urojo wa barabarani, juisi ya miwa, kachumbari aliyokata mtu usiyemjua, viache mpaka damu ipande. Chakula cha moto kilichopikwa nyumbani hakina tatizo.

Chembe nyengine nazo zinashuka. Za kugandisha damu zikishuka utaona fizi zinatoka damu, madoa madogo mekundu miguuni. Damu yenyewe ikipungua mtu anahema kwa kupanda ngazi tatu. Ndo maana kabla ya kila dripu wanapima FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe zote za damu, na wakisema "damu haijafika, rudi wiki ijayo" usikasirike ukaona nauli imepotea bure. Mie nilikasirika mara moja, nikaja kujua baadae kwamba wamemuokoa.

Ile dawa nyekundu ni kweli inaua moyo?

Jina lake ni doksorubisini. Inaweza kuuchosha msuli wa moyo, ndio, na inavyofanya hivyo ni kwa kujumlisha: kila dozi inaongezeka juu ya ile ya nyuma, maisha yako yote. Madokta wanahesabu kwa miligramu kwa kila mita mraba ya mwili, na hawapendi mtu avuke kiasi cha 450 hadi 550. Mpango wa kawaida wa kansa ya titi ni 60 mara nne, yaani 240, kwa hiyo wengi wako mbali na mstari. Hatari inapanda kwa mzee, mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo wa zamani, na alopigwa mionzi ya kifuani. Ndo maana wanakupeleka eko, ile picha ya moyo, kabla ya kuanza. Usiikimbie kwa sababu ya pesa.

Jambo la kujua ni kwamba moyo unaweza kulegea hata miaka kadhaa baada ya dawa kwisha. Ukiona miguu imevimba jioni, unahema ukilala chali mpaka uongeze mito, mwambie dokta yeyote utakayekutana nae kwamba uliwahi kupigwa doksorubisini, na tajia na mwaka. Trastuzumabu, ambayo si kemo hasa lakini hupewa baadhi ya wenye kansa ya titi, nayo inalegeza moyo, ila ile kwa kawaida moyo unarudi ukiisimamisha.

Na mkojo kuwa mwekundu siku moja au mbili baada ya dripu hiyo si damu, ni rangi ya dawa. Bi mkubwa alipiga kelele chooni mpaka jirani akaja. Kitu chengine, dawa hii ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, kidonda kinaweza kuwa kikubwa sana. Ukisikia moto au kuchoma pale ilipoingia sindano mwambie nesi wakati ule ule, usistahamili hata dakika.

Kwa nini wengine wanawekewa maji chupa na chupa kabla ya kemo?

Hiyo mara nyingi ni sisplatini. Inapita kwenye figo na inauma vijifereji vya ndani vya figo, basi wanaisukuma kwa maji ya chumvi mengi kabla na baada, na mara nyengine wanaongeza magineziamu kwa sababu figo likiumia magineziamu inatoka na mkojo ikapotea. Kabla ya kila dozi wanapima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonesha figo linafanya kazi vipi. Mgonjwa wa sisplatini anayetapika siku mbili hanywi kitu yuko hatarini kweli, asingoje miadi yake. Na asimeze diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo bila ya kuuliza, zile zinalimaliza figo lililokwisha choka.

Masikio pia. Sisplatini inaua seli za kusikia, inaanza na sauti nyembamba, na zikifa hazioti tena. Mlio wa "nziiii" kwenye masikio ni wa kusema siku hiyo hiyo. Kwa watoto ni muhimu zaidi kwani mtoto asiyesikia vizuri skuli anaambiwa mtundu.

Na mkojo wa damu je?

Kama dawa ni saiklofosfamidi au ifosfamidi, huo unaweza kuwa damu kweli. Mwili ukizivunja dawa hizi unatoka uchafu unaoitwa akroleini ambao unakaa kibofuni ukaukwaruza ukuta wake. Kinga yake ni maji mengi na kukojoa mara kwa mara, hata usiku unaamka, usiuache mkojo ukalala nao. Dozi kubwa zinakwenda na dawa ya kinga inaitwa mesna.

Kijana wangu kapata kansa ya korodani, wamesema dawa moja inaingia mapafuni?

Bleomisini. Inaweza kuyafanya mapafu yakakaza kama sponji iliyokauka, na hii nayo ina hesabu ya maisha, kwa kawaida hawavuki yuniti 400. Kikohozi kikavu na kuhema ndo dalili. Mwendesha baiskeli Lance Armstrong alipotibiwa mwaka 1996 alianza na mpango wenye bleomisini halafu akabadilishiwa dawa ili mapafu yake yasalimike, kwa hiyo kubadilisha kunawezekana, mtu aulize. Habari njema ni kwamba kansa hii inapona sana hata ikiwa imesambaa.

Mambo mawili ambayo watu hawaambiwi. Akija kufanyiwa operesheni, hata ya ngiri, hata baada ya miaka, amwambie dokta wa usingizi kwamba aliwahi kupigwa bleomisini, maana oksijeni nyingi inaweza kuyaamsha madhara. Na la pili linawahusu vijana wa Nungwi na Kendwa wanaozamisha watalii kwa mitungi: kupiga mbizi kwa mtungi baada ya bleomisini si jambo la kurudia bila ya dokta wa mapafu kukuangalia, kwani chini kule hewa unayovuta inakuwa na msukumo mkubwa wa oksijeni. Kuogelea kawaida hakuna neno.

Viganja na nyayo vimekuwa vyekundu vinabambuka. Ni aleji?

Kama anameza kapesitabini, au anapigwa 5-FU ya dripu, hayo ni madhara yake yanayojulikana. Ngozi inauma, inang'aa, halafu inachubuka. Asikune nazi kwenye mbuzi, asitwange, asifue kwa maji ya moto, asivae ndara zinazobana. Mafuta mazito asubuhi na usiku, na akifika pahala hawezi kushika kikombe apige simu, dozi inapunguzwa au inasimamishwa kidogo. Kupunguza dozi si kushindwa kutibiwa.

Ami yangu alikuwa kwenye vidonge hivyo vya kansa ya utumbo mkubwa, akaenda kusajili laini ya simu, mashine ikakataa kidole. Kidole cha pili, cha tatu, vyote kumi. Kijana wa kaunta akamwambia "mzee huna vidole" na watu wakacheka. Kumbe dawa ilikuwa imefuta alama za vidole! Kuna mzee wa Singapore yalimkuta hayo uwanja wa ndege Marekani mwaka 2008, wakamzuia masaa manne, madokta wake wakaandika kwenye jarida la kitabibu kwamba wasafiri wa dawa hii wabebe barua. Ami nae akachukua barua. Kwa wengi alama zinarudi baada ya wiki kadhaa dawa ikisimama.

Mtu kaniletea dawa ya majani ya kusafisha ini, nichanganye?

Usichanganye. Sina ugomvi na waganga, babu yangu mwenyewe alikuwa anachemsha mizizi. Lakini ini ndo linalozivunja dawa nyingi za kemo, na ukilipa kazi nyengine juu yake mawili, ama dawa ikakaa mwilini muda mrefu ikawa sumu zaidi, ama ikatoka haraka isifanye kazi. Macho yakiwa manjano hakuna atakayejua ni kemo, ni majani, au ni kansa yenyewe. Hata balungi, tunda letu la kila siku, linazuia kazi ya kimeng'enya kinachovunja baadhi ya dawa, kwa hiyo uliza. Methotrekseti, kemo nyengine, ndo yenye ugomvi na wengi: diklofenaki, septrini, zote zinaipandisha kwenye damu.

Kitu cha kudai kabla ya kuanza ni kipimo cha homa ya ini B. Kirusi kikiwa kimelala, kemo inakiamsha, na ini linaweza kufa kwa hicho kirusi wakati kansa inapona. Kuna vidonge vya kukizuia.

Kutapika na vidonda vya mdomo?

Kutapika siku hizi kuna dawa nzuri, ondansetroni na deksamethasoni, zinatolewa kabla ya dripu na si baada. Mwenye kisukari ajue kwamba deksa inapandisha sukari, apime zaidi siku hizo. Chai ya tangawizi inasaidia kidogo, haishiki nafasi ya kidonge. Vidonda vya mdomo: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye gilasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukutua mara nne au zaidi kwa siku, mswaki laini, pilipili na ndimu na embe mbichi pumzika navyo. Jino bovu ling'olewe kabla ya kemo kuanza.

Nywele?

Wiki ya pili au ya tatu zinaanguka, kwa dawa nyekundu karibu zote, na nyusi pia. Zinarudi. Wanawake wetu wana mtandio, hapa Mungu katustiri. Piko kwenye ngozi aache wakati huu.

Bado tunataka watoto. Inawezekana?

Sema kabla ya dripu ya kwanza, baadae hakuna la kufanya. Saiklofosfamidi hasa inapunguza mayai, na mwanamke wa miaka 40 hedhi inaweza isirudi tena wakati wa miaka 25 ikarudi. Mwanamme mbegu zinaweza kupotea kwa muda au moja kwa moja. Wakati wa kemo mimba isiingie kabisa, na hilo linakuhusu na wewe mume, hata kama anayetibiwa ni wewe na si mkeo. Siku mbili baada ya dripu mkojo na matapishi yanakuwa na dawa ndani, anayefua avae glavu, na kondomu itumike. Najua watu wanaona haya kuuliza haya kwa hiyo nimeyaandika.

Ramadhani afunge?

Mgonjwa kaachiwa, aya ipo. Kwa sisplatini na saiklofosfamidi kukaa kutwa bila ya maji ni kulipiga figo na kibofu kwa makusudi. Bi mkubwa alilia siku ya kwanza ya Ramadhani kwa kula mchana, tukamleta shekhe nyumbani akazungumza nae, ndo akanywa uji.

Ganzi ya vidole inaondoka?

Hili nimeliweka mwisho kwa sababu linaniuma. Pakilitakseli, vinkristini na sisplatini zinaumiza nyaya za mishipa ya fahamu, na zinaanza na zile ndefu kuliko zote, ndo maana ni ncha za vidole vya miguu kwanza halafu vya mikono. Vinkristini inatoka kwenye lile ua dogo la majani matano, la pinki au jeupe, asili yake Madagascar na huku pwani linaota hata kwenye mchanga, na hilo halimaanishi ulichemshe nyumbani. Inafunga na choo mpaka tumbo likasimama, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo inaanza mapema.

Sasa bi mkubwa. Alianza pakilitakseli, ile dawa yake nyengine, kila miadi dokta anamuuliza, "Hali yako bi?" nae anajibu, "Alhamdulillah, mzima." Dokta anaandika hana tatizo. Dozi ya pili, alhamdulillah. Ya tatu, alhamdulillah. Mie siku moja nimeingia chumbani nikamkuta amekaa kitandani na gauni, anajaribu kufunga kifungo, kidole kinateleza, anarudia, kinateleza, na kikombe cha chai kimemwagika kwenye mkeka kwa kuwa hakusikia kwamba ameshaachia. Kumbe wiki tano mdogo wangu ndo anamfunga vifungo, na wote wawili wamekubaliana kunificha. Nikamuuliza kwa nini hukusema? Akasema, "Mwanangu, nimshukuru Mungu kwa ulimi halafu nimlalamikie dokta kwa ulimi huo huo?"

Nikamwambia kumsimulia dokta si kulalamika. Tulirudi, dokta akampa sindano ndogo ashike, akamuuliza kama anaweza kuiokota mezani, hakuweza. Dozi ya nne ikapunguzwa. Dokta akanambia ganzi ikisemwa mapema dozi inarekebishwa na mara nyingi inapungua kwa miezi baada ya dawa kwisha, ikiachwa ikakomaa inaweza kubaki. Tangu siku ile daftari letu lilikuwa na maswali ya kujibu kabla ya kuingia kwa dokta: umefunga vifungo? Umeshika sindano? Umejikwaa mara ngapi? Choo vipi? Umehema? Kisha "alhamdulillah" anaisema mwisho, baada ya kuyataja yote.

Sasa ni mwaka na miezi tokea dozi ya mwisho. Vidole vya miguu bado anasema kama amevaa soksi. Vifungo anafunga mwenyewe, isipokuwa kile cha shingoni.